Drama Isiyosema: Hamlet ya 1921, Matanga ya Ukingo wa Ziwa na Woga wa Wahakiki Wetu

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili alipeleka mbele ya jopo pendekezo la tasnifu juu ya tero buru, yaani miviga ya mazishi ya Wajaluo ambamo wanaume hutoka na mifugo, mikuki na ngao kuifukuza mauti hadi mpakani mwa nyika. Alikuwa ameishuhudia miviga hiyo tangu utotoni katika kijiji cha ufukoni, upande wa Bondo, na alitaka kuichunguza kama drama. Pendekezo lilirudishwa. Pembezoni mwa ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu maneno sita: "Hii si drama. Matini iko wapi?" Jopo lenyewe sitalitaja, wala hapana haja ya kulitaja, kwa kuwa maneno hayo yangaliweza kuandikwa na jopo lolote katika idara zetu za Kiswahili. Yangaliweza kuandikwa hata na mkono wangu miaka kumi iliyopita. Makala haya ni jibu kwa maneno hayo sita.

Fasili inayotawala shuleni na vyuoni inajulikana: tamthilia ni utungo ulioandikwa kwa mtindo wa mazungumzo ili uigizwe jukwaani. Sehemu ya pili ya fasili hiyo hukaririwa kisha husahauliwa. Kinachobaki ni mazungumzo, na juu ya mazungumzo hayo tumejenga uhakiki wetu wote. Mhakiki huingia katika tamthilia kama mtu aingiaye shambani na kikapu: huokota methali, akaokota tashbihi, akaokota taswira na kinaya, akazipanga kwa mafungu na kuyaita mafungu hayo "fani". Mtihani wa kitaifa wa sekondari nao haujamsaidia. Kwa kawaida swali la tamthilia huanza na dondoo, yaani maneno yaliyotamkwa na mhusika fulani, na mtahiniwa huamriwa aeleze muktadha wake kwa alama nne. Ni nadra mno mtahiniwa kuulizwa kuhusu jambo ambalo mhusika alilitenda huku amefunga kinywa.

Chukua mathalani Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika shule zetu hadi miaka michache iliyopita. Inafunguka katika karakana sokoni Chapakazi, wachongaji wakiwa kazini. Sudi hataki kuchonga kinyago kinachotakiwa na utawala, anachonga chake. Uasi wa Sudi, kabla haujawa hoja, ni patasi na gogo. Mtazamaji anauona mikononi mwake. Hata hivyo, miongozo niliyoisoma, na nimesoma mingi kuliko ilivyo afya kwa mtu wa umri wangu, humfafanua Sudi kwa kunukuu anayoyasema. Mikono yake haimo.

Mzizi wa jambo hili ni mrefu kuliko mtihani. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alifikia uamuzi kwamba drama si utanzu ulioenea wala kukomaa barani humu jinsi ulivyo Ulaya na Asia, na miongoni mwa vigezo alivyovitumia kilikuwamo kigezo cha maudhui ya kilugha: je, yapo maneno ya kutosha? Wasomi wa Afrika Mashariki walimjibu, kila mmoja kwa njia yake. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, walitaja mambo manne yanayoifanya sanaa ya maonyesho iwe ilivyo: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Msomaji na ayahesabu mambo hayo tena. Usemezano si mojawapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba kila tasnifu ya drama ninayoisahihisha huwanukuu akina mama hawa wawili katika sura ya kwanza kwa heshima kubwa, kisha ikifika sura ya nne, ya uchambuzi, humrudia Finnegan bila kumtaja. Tumemshinda kwa hoja, tukabaki wanafunzi wake kwa mazoea.

Ili kukijaribu kigezo hicho cha maneno, tutaondoka kwanza ukingoni mwa ziwa twende Berlin, mwaka 1921. Sababu ya safari hiyo ni rahisi. Nikileta ushahidi wa kwetu, jopo litasema kwamba ushahidi huo ndio unaobishaniwa. Na nilete basi ushahidi wao. Kama ipo tamthilia duniani ambayo hakuna jopo litakaloidai cheti cha kuzaliwa, ni Hamlet ya Shakespeare. Ni tamthilia yake ndefu kuliko zote, yenye takriban mistari elfu nne, na sifa yake imesimama juu ya maneno kuliko tamthilia nyingine yoyote tuijuayo. Itakuwaje ikinyang'anywa maneno hayo?

Jaribio hilo lilifanywa. Asta Nielsen, mwigizaji wa Denmark aliyejipatia jina kubwa Ujerumani, aliunda kampuni yake ya filamu, Art-Film, na kuitengeneza Hamlet katika sinema bubu chini ya uelekezi wa Svend Gade na Heinz Schall, yeye mwenyewe akiwa Hamlet. Wengi watadhani kwamba waliichukua tamthilia, wakaifuta sauti, wakabaki na watu wanaochezesha midomo. Hawakufanya hivyo. Waliichukua dhana iliyowahi kutolewa na Mmarekani Edward Vining katika kitabu cha mwaka 1881, kwamba Hamlet alikuwa mwanamke, wakaichanganya na visa vya kale vya Denmark, na kuisuka hadithi upya. Malkia anajifungua mtoto wa kike wakati ambapo habari imemfikia kwamba mfalme ameuawa vitani. Kwa kuhofia kiti cha enzi, anatangaza kwamba amezaliwa mwana wa kiume. Mfalme anarudi akiwa hai, lakini uongo umekwisha kutangazwa na hauwezi kumezwa. Mtoto analelewa kama mvulana, anavaa kama mvulana, anapelekwa masomoni Wittenberg kama mvulana, na huko anampenda rafiki yake Horatio, ambaye hawezi kuambiwa.

Wapo wahakiki wa Shakespeare walioliona badiliko hili kuwa kichekesho au kufuru. Mimi naliona kuwa jibu la kitaalamu kwa tatizo la kitaalamu. Siri ya Hamlet katika tamthilia huchukuliwa na uzungumzi nafsia: anawaficha watu wa ikulu, anatufunulia sisi. Sinema bubu haiwezi kuuchukua uzungumzi nafsia. Ingejaribu, ingekuwa ni kumtazama mtu akipepesa midomo kwa dakika tano. Hivyo waliitafutia siri hiyo mwili. Lile vazi jeusi la kiume linafanya kazi ileile iliyofanywa na maneno: kila anapoonekana, Nielsen anawaficha wahusika wenzake jambo ambalo sisi watazamaji tunalijua. Anapoketi karibu na Horatio, na mkono wake ukaanza safari ya kwenda begani kwake kisha ukajirudisha, tumepata uzungumzi nafsia mzima. Na mwisho, Hamlet akiwa amekufa kwa upanga wenye sumu, Horatio anaugusa mwili, mkono unatua kifuani, na papo hapo anaelewa yote yaliyopita. Utambuzi wa namna hiyo Aristotle aliuweka miongoni mwa mambo yaliyo makubwa kabisa katika tanzia. Hapa umetendwa na kiganja cha mkono.

Sidai kwamba kila kitu katika filamu hiyo kimefaulu. Kisa cha mfalme kuuawa kwa nyoka, badala ya sumu iliyotiwa sikioni, kusema kweli kinachekesha kidogo. Lakini tazama jinsi kisasi kinavyotekelezwa: Hamlet anamlewesha Claudius na watu wake, kisha anautia moto ukumbi waliomo. Mtu ambaye amesifika kwa karne nne kwa kuahirisha kutenda, hapa anatenda. Maneno yalipoondoka, kuahirisha kuliondoka nayo kwa kiasi kikubwa, kwa maana kuahirisha kule kulikuwa ni kazi ya maneno. Hili ni uhakiki wa Hamlet, tena ni uhakiki mkali, na ulifanywa bila kuandika aya moja.

Isitoshe, Shakespeare mwenyewe alikuwa ameuacha mlango wazi. Katika tendo la tatu, wachezaji wanapoletwa mbele ya Claudius ili dhamiri yake inaswe, kisa chao hutangulizwa kwa maigizo ya kimya: mauaji ya mfalme yanatendwa yote kwa ishara kabla ya mtu yeyote kutamka shairi. Yaani katikati ya tamthilia hii ya maneno kuna drama bubu, imekaa pale kama kokwa ndani ya embe. Ni mara ngapi tumeifundisha?

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba sinema bubu haikuwa bubu: ilikuwa na vibao vya maandishi vilivyopachikwa kati ya picha, na ilionyeshwa pamoja na muziki. Ni kweli. Nilikuwa na hamu ya kujua ni mzigo kiasi gani hasa uliobebwa na vibao hivyo. Nakala ya rangi ya filamu hii ilipatikana na kukarabatiwa nchini Ujerumani, ikaonyeshwa Berlin mwaka 2007, na siku hizi si vigumu kuipata. Niliwaonyesha wanafunzi wangu hapa Kisumu, mchana, mapazia yamefungwa, kwa projekta ya kuazima. Spika zilikataa kufanya kazi, kwa hiyo muziki haukuwapo. Vibao vilikuwa vya Kijerumani, lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu darasani aliyeijua. Wachache sana walikuwa wamewahi kuisoma Hamlet. Baadaye niliwataka wanisimulie walichokiona. Vita na Norway viliwapita kabisa, na watatu waliamini kwamba Fortinbras ni nduguye Hamlet. Mengine yote waliyapata: siri ya kuzaliwa, mapenzi yasiyotajika, hila ya ami, karamu, moto, mkono wa Horatio. Walibishana vikali kama Horatio alikuwa hajui kweli au alijifanya hajui. Ubishi huo ulikuwa wa kidrama kuliko ubishi wowote niliousikia darasani mwangu kuhusu tashbihi.

Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, nyanya alivaa koti la babu namna hiyo." Alieleza kwamba babu yake alipofariki, nyanya alivaa koti lake na kushika bakora yake siku zote za matanga. Hakuna aliyemweleza mjukuu maana yake, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wenzake wa kutoka Seme na Uyoma waliitikia kwa vichwa. Hii ni desturi ijulikanayo kando ya ziwa. Mjane huvaa nguo za marehemu mumewe na kwa muda huo huchukua nafasi yake machoni pa watu. Sijui ni neno gani la Kiswahili linalofaa kukieleza kitendo hicho kuliko kuigiza.

Turudi sasa kwa tero buru na yule mwanafunzi wa uzamili. Upo uwanja, unaoanzia boma la marehemu na kwenda hadi mpaka wa nyika kisha kurudi. Wapo watendaji waliovaa kinyume cha siku zote, manyoya vichwani, majivu au udongo mwilini. Zipo zana za jukwaani: mikuki, ngao, ng'ombe wenyewe. Upo mgogoro, na mmoja wa wahusika katika mgogoro huo haonekani, naye ni mauti. Anakimbizwa na wanaume wazima wanaorusha mikuki hewani, wanamfikisha mahali anapostahili kuwa, wanageuka na kurudi kwa kelele za ushindi ambazo kila mmoja anajua kwamba ni za muda. Zipo nyimbo, zipo pembe na majigambo, vipo vilio. Usemezano haupo. Ukikitumia kigezo cha jopo, hapa hapana drama. Ukikitumia kigezo hichohicho Berlin, hapana Hamlet. Jopo na lichague.

Lipo swali la haki ambalo jopo lingeweza kuliuliza, nami ningenyamaza kwa muda kabla ya kujibu: je, mtu anayeifukuza mauti katika tero buru anaigiza, au anafanya kweli? Nielsen alijua kwamba kamera ikisimama atavua lile vazi jeusi. Mwombolezaji wa Bondo hafanyi mazoezi wala halipwi. Mpaka kati ya miviga na drama ni suala zito, na wanafunzi wetu wanastahili kupambana nalo kwa muda wa tasnifu nzima. Lakini jopo halikuuliza hilo. Liliuliza matini iko wapi.

Na tusidhani kwamba tamthilia ya Kiswahili haijapata kulifikia jambo hili. Ebrahim Hussein, aliyeandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu maendeleo ya maonyesho Afrika Mashariki katika chuo kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, miaka ya sabini, alitoa mwaka 1988 tamthilia ya Kwenye Ukingo wa Thim. Inafahamika kwamba chimbuko lake ni kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager waligombea haki ya kumzika hadi Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi tarehe 15 Mei 1987, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 mwezi huohuo. Ilikuwa kesi ya maneno mengi kupindukia: mawakili, mashahidi, wazee wa mila, magazeti ya kila asubuhi. Mhusika aliyekuwa kiini chake hakusema neno. Alilala katika chumba cha maiti kwa siku zaidi ya 150.

Hussein aliiweka kauli yake katika anwani. Thim ni neno la Kijaluo, maana yake pori au nyika, mahali palepale ambako mauti hufukuziwa. Mwandishi wa Kilwa aliliacha neno hilo lilivyo kwenye jalada la kitabu cha Kiswahili, hakulitafsiri. Wahakiki wameisoma tamthilia hiyo kama mjadala kati ya mila na sheria, kati ya mwanamke na ukoo, na mambo hayo yamo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mwanafunzi aupange ukingo huo jukwaani? Thim iwekwe upande upi wa jukwaa? Jeneza liingie lini, na nani aligeuzie uso? Mwelekezi asiyekuwa na majibu ya maswali haya hana onyesho, hata kama waigizaji wake wamekariri kila mstari bila kosa.

Hapo ndipo ninapogombana na zile filamu za vitabu vya kutahiniwa zinazopelekwa shuleni siku hizi. Nilialikwa kuitazama mojawapo katika shule ambayo sitaitaja, hapa kando ya ziwa. Waigizaji walisimama katika mstari mmoja, wakaelekeza nyuso kwenye kamera na kuitamka tamthilia yote, neno kwa neno, kwa saa mbili na nusu. Maelekezo ya jukwaani yalisomwa na sauti ya pembeni. "Anaingia akilia," ilisema sauti, na mhusika akaingia, hakulia. Wasichana mia tatu walikuwa wakipigia mistari vitabu vyao kwa kalamu. Hakuna aliyekuwa akitazama, na siwalaumu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikitendeka. Waliotengeneza filamu ile walikuwa na kamera, rangi, sauti na mwanga wa bure wa jua la Kisumu, vitu ambavyo Nielsen mwaka 1921 hakuwa navyo vyote, wakavitumia vyote kurekodi usomaji. Wala kosa si lao peke yao. Wamewapa wateja kile ambacho mtihani unakitaka, na mtihani tumeutunga sisi.

Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu na ambaye ni mshairi, aliniambia kwamba hoja hii itawapa wanafunzi ruhusa ya kutojifunza lugha. Kiswahili, alisema, ni lugha ya tatu kwa wengi wa wanafunzi wetu wa ufukoni, baada ya Kijaluo na Kiingereza, nao tayari wanakihofia. Hofu hiyo naijua, nimefundisha miongoni mwao miaka mingi. Lakini niliyoyaona yanamkanusha. Baada ya filamu ile ya Hamlet, niliwataka waandike kwa Kiswahili maelekezo ya jukwaani ya dakika tano za matanga waliyoyashuhudia, bila neno hata moja la usemezano. Walinijia ofisini wakitafuta misamiati: jina la mwendo wa mtu anayekimbia kinyumenyume, tofauti ya kupepesuka na kuyumba, neno la sauti ya kengele ya ng'ombe kwa mbali. Hakuna kazi ya lugha niliyowahi kuitoa iliyowatia njaa ya maneno namna hiyo. Yule msichana wa koti aliandika ukurasa mmoja na nusu, na katika mstari wa mwisho nyanya anafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, siku ya kulivua.

Mwanafunzi wa uzamili ameliandika upya pendekezo lake na litarudi mbele ya jopo muhula ujao. Amerekebisha marejeleo, amepunguza sura moja, na ameongeza sehemu kuhusu mpaka kati ya miviga na drama. Alishauriwa kiungwana aambatishe "mazungumzo ya wahusika" yaliyorekodiwa uwanjani, ili wajumbe wapate kitu cha kushika. Amekataa, nami nimetia sahihi yangu chini ya kukataa kwake.